Mwongozo kamili wa kuandaa na kupima taswira ya kwanza unapotafuta mwenzi mtandaoni

Wasomaji wa Kampala, Mbarara, Arua na Busia wamekuwa wakiniletea malalamiko ya aina mbili, na yote yana mzizi mmoja. Kuna wanaosema kwamba wamejiandikisha katika Tinder au Badoo, wameweka picha wanazozipenda wenyewe, na bado hakuna anayewajibu. Kuna wengine wanaopata majibu mengi, mazungumzo yakanoga kwa wiki kadhaa, lakini siku ya kuonana kila kitu kikazimika kabla soda haijaisha kwenye chupa. Kundi la kwanza halikuandaa taswira ya kwanza. La pili liliandaa taswira ambayo haikuweza kuhimili mkutano.

Mwongozo huu unashughulikia matatizo hayo mawili kwa pamoja, kwa sababu kazi ni moja: kuhakikisha kwamba yule anayeonekana kwenye kioo cha simu na yule atakayeketi mezani siku ya kuonana ni mtu mmoja. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya pili na ya tatu, zinazofuata hazitakufaa sana.

## Vitu unavyohitaji kabla ya kuanza

- Simu yenye kamera ya nyuma inayofanya kazi vizuri. Tecno au Infinix ya kawaida inatosha, mradi umefuta lenzi kwa kitambaa safi.
- Mtu wa kukupiga picha. Ukimkosa, tafuta ukuta au kiti cha kuegemeza simu na utumie kipima muda cha kamera.
- Watu 3 hadi 5 wanaokufahamu kidogo tu, kama vile mwenzako wa kwaya, jirani wa dukani au mtu wa idara nyingine kazini. Rafiki wa karibu na dada yako hawafai kwa kazi hii, na sababu utaiona katika hatua ya 3.
- Nguo za aina mbili ambazo unazivaa kweli, moja ya kazi au ibada na nyingine ya siku ya mapumziko.
- Daftari na kalamu.
- Laini ya simu iliyo tofauti na ile ya kazi na ya pesa, ikiwezekana.
- Asubuhi au jioni moja isiyo na haraka, na bando la kutosha.

## Hatua ya 1: Andika unachotafuta kwa sentensi moja

Kabla ya kugusa kamera, andika kwenye daftari sentensi moja inayosema unatafuta nini: ndoa, uchumba wa taratibu, au mtu wa kufahamiana naye kwanza bila ahadi. Sentensi hiyo ndiyo itakayoamua picha ipi itangulie na maneno gani yafuate. Anayetafuta ndoa akatanguliza picha ya usiku wa manane Kabalagala, mtaa wa baa wa Kampala, huwavuta watu wa usiku wa manane, kisha akalalamika kwamba wanaume au wanawake wote wa mtandaoni ni walewale.

Ukisoma sentensi yako kesho yake na usitamani kuibadilisha, endelea.

## Hatua ya 2: Piga picha upya

Usianze kwa kuchimba picha za zamani kwenye simu. Piga mpya, na sababu ni hii.

Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walichapisha majaribio ambamo watu walionyeshwa nyuso za wageni kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha wakaulizwa kama mwenye uso ule anavutia, anapendeka, anaaminika au ni mkali. Hukumu walizotoa kwa muda huo mfupi zilifanana sana na zile zilizotolewa na watu walioruhusiwa kutazama kwa muda wowote waliotaka. Muda wa ziada uliwaongezea uhakika kuliko ulivyowabadilisha mawazo. Kwa hiyo mtu anapotelezesha kidole kwenye kioo, amekwisha kukuamua kabla hajajua kwamba ameamua.

Hapa kwetu liko jambo jingine linaloipa nguvu picha ya kwanza. Tangu Julai 2021 bando la intaneti linatozwa kodi ya asilimia 12, na watu hubana matumizi. Wengi hawasubiri picha ya pili na ya tatu zifunguke. Wanaona moja, wanaendelea.

Mwanga. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, na saa sita mchana jua huwa utosini, likitia kivuli kwenye macho na chini ya pua. Uso wa mtu mpole huonekana mchovu au mwenye hasira. Piga kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, au kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni. Ukilazimika kupiga mchana, simama kivulini chini ya mwembe au barazani, uso ukielekea upande wenye mwanga. Ngozi nyeusi hupendeza sana kwa mwanga laini unaotoka ubavuni, na hupotea mbele ya dirisha linalong'aa mgongoni.

Umbali. Selfi ya mkono ulionyooshwa nusu hupotosha uso. Watafiti wa Marekani walikokotoa mwaka 2018 kwamba picha inayopigwa sentimita 30 hivi kutoka usoni huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 zaidi ya ile inayopigwa kutoka mita 1.5. Ndiyo maana nimesisitiza kamera ya nyuma na mtu wa kukupiga. Mwambie asimame hatua mbili mbele yako.

Kulainisha uso. Simu nyingi zinazouzwa mjini huja na hali ya urembo inayofuta vinyweleo vya ngozi, kukondesha mashavu na kung'arisha rangi, na mara nyingine huwa imewashwa bila wewe kujua. Fungua mipangilio ya kamera uizime. Ninajua ushauri huu haupendwi. Lakini kila kivuli cha rangi unachoongeza leo ni deni utakaloulizwa siku ya kuonana, na anayekuuliza hatasema kwa mdomo. Utaona tu macho yake yakisita mlangoni.

Vitu vilivyo nyuma yako. Mtazamaji huvisoma kama anavyousoma uso. Picha ukiwa umeegemea gari la mjomba inatoa ahadi ya gari. Picha ukiwa umevaa gomesi au kanzu kwenye kwanjula (sherehe ya kujitambulisha kwa wakwe) ya rafiki humfanya asiyekujua aulize kama iliyofanyika ilikuwa yako. Picha ukiwa umembeba mtoto wa dada yako husomwa kwamba una mtoto. Mkono wa mtu aliyekatwa pembeni, uliobaki begani kwako, humfanya mtazamaji amfikirie yule asiyeonekana badala ya kukufikiria wewe.

Piga angalau picha 20: uso na mabega, mwili mzima ukiwa umesimama, na moja ukifanya jambo unalolifanya kweli, iwe ni kupika, kucheza omweso, kutengeneza pikipiki au kumwagilia nyanya.

*Tahadhari.* Kagua kila picha kabla ya kuihifadhi. Ondoa yenye geti la nyumbani, namba ya gari, ukanda wa kitambulisho cha kazi, au sare ya shule ya mtoto. Mgeni mwenye subira anaweza kukupata kwa kitu kimoja kati ya hivyo.

Umefaulu ikiwa mtu aliyekuona jana barabarani angekutambua mara moja katika picha zako zote, bila kuambiwa ni wewe.

## Hatua ya 3: Wengine wakuchagulie picha ya kwanza

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Watu huamini kwamba wanaijua sura yao, kwa kuwa wanaiona kila asubuhi kwenye kioo. Mwaka 2017 David White na wenzake wa Australia waliwaomba watu wachague picha zao wenyewe za kuweka mtandaoni, kisha wakawapa wageni kazi hiyohiyo ya kuchagua. Picha zilizochaguliwa na wageni ziliwapendeza watazamaji wengine zaidi kuliko zile wenyewe walizojichagulia. Todorov naye alikwisha kuonyesha mwaka 2014, pamoja na Jenny Porter, kwamba picha mbalimbali za mtu mmoja huweza kuzaa hukumu zinazotofautiana sana, kiasi kwamba leo utaonekana mwaminifu na kesho mjanja, kwa uso uleule.

Rafiki wa karibu na dada yako wamekwisha kuizoea sura yako kama wewe mwenyewe, ndiyo maana hawafai. Teua picha 6 na uwatumie wale watu 3 hadi 5, kila mmoja peke yake. Usiwaulize, "Nimependeza?" kwa sababu adabu itawalazimisha kukubali. Waulize hivi: "Kama ungemwona mtu huyu kwa mara ya kwanza, ungemdhania ni mtu wa namna gani? Nipe neno moja kwa kila picha." Andika majibu daftarini.

Tafuta picha ambayo maneno yake yanalingana na sentensi yako ya hatua ya 1. Ikiwa umeandika kwamba unatafuta ndoa, na watu watatu wameiita picha moja "tulivu" au "mkarimu", hiyo ndiyo ya kwanza, hata kama wewe unaona shavu lako limejaa. Ile waliyoiita "mwenye maringo" iache, hata kama ndiyo uliyoilipia studio.

Weka picha 3 au 4 kwa jumla. Zikizidi hapo, mtazamaji huanza kutafuta kasoro.

## Hatua ya 4: Andika maelezo mafupi yenye vitu vinavyoshikika

Haya ni maelezo ya aina ninayoyaona kila wiki:

"Mimi ni mtu wa kawaida, namcha Mungu, napenda kusafiri, muziki na kucheka. Sitaki waongo, sitaki wasumbufu wala wanaoomba hela. Kama huna nia, pita zako."

Hakuna uongo hapo, lakini tazama kinachobaki kichwani mwa msomaji. Nusu ya kwanza ingeweza kuandikwa na mtu yeyote kuanzia Kabale hadi Gulu, kwa hiyo haibaki. Nusu ya pili inabaki yote: waongo, wasumbufu, hela, pita zako. Msomaji anaondoka na taswira ya mtu aliyejeruhiwa ambaye bado ana hasira, na anahisi anakaribishwa kwa kushukiwa.

Mpangilio wenyewe una uzito. Solomon Asch alionyesha mwaka 1946 kwamba orodha ya sifa inayoanza na akili na bidii na kuishia kwenye ukaidi na husuda humjengea mtu sura nzuri kuliko orodha ileile ikisomwa kutoka mwisho. Kinachotangulia hukipaka rangi kinachofuata. Mtu huyohuyo, akiyaandika upya, angeweza kusema hivi:

"Ninafundisha hesabu katika shule ya sekondari huku Jinja, na Jumamosi asubuhi hunikosi sokoni nikichagua samaki. Ninaimba sauti ya pili kwenye kwaya. Nina binti wa miaka 6 ninayemlea mwenyewe. Ninatafuta mwenzi wa kufunga naye ndoa, kwa utaratibu. Niambie kwanza: sangara au ngege, wewe ungepika yupi Jumapili?"

Shule haikutajwa jina, na hivyo ndivyo inavyopasa. Kila sentensi ina kitu cha kushika, binti ametajwa bila kuombewa radhi, nia iko wazi, na swali la mwisho linampa hata mtu mwenye haya mahali pa kuanzia.

Kuhusu lugha, andika kwa ile mtakayoizungumza mkikutana. Kiingereza kizito kisichokuwa chako hukuumbua dakika ya tano ya mazungumzo. Kiluganda hufungua milango ya Kampala na hufunga baadhi ya ile ya kaskazini. Kiswahili kinasomwa tofauti kulingana na mahali: katika Arua, Kasese na Busia ni lugha ya soko na ya jirani, ilhali katika Buganda wapo, hasa watu wazima, ambao bado wanakihusisha na askari, ingawa baraza la mawaziri lilikubali mwaka 2022 kiwe lugha rasmi. Ukiandika kwa Kiswahili, andika kwa upole na kwa sentensi kamili, na dhana hiyo itaondoka yenyewe.

Kisha mpe mtu mwingine akusahihishie. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2020 uliwaonyesha watu wasifu zenye makosa ya uandishi na zisizo na makosa, na wale walioyagundua makosa waliwaona waandishi wake kuwa na mvuto mdogo zaidi. Vifupisho vya kuchati, kama "xaxa" na "cjui", vina athari hiyohiyo kwa mtu anayetafuta ndoa.

Ukiona majibu yanayotaja kitu mahususi ulichoandika, kama samaki au kwaya, ujue maelezo yako yamefanya kazi.

## Hatua ya 5: Sema ukweli unaopimika

Mwaka 2008 Catalina Toma, Jeffrey Hancock na Nicole Ellison walichapisha utafiti ambamo waliwaita watu 80 wa New York waliokuwa wakitafuta wenzi mtandaoni, wakawapima urefu na uzito na kutazama umri wao kwenye vitambulisho. Takriban 8 kati ya 10 walikuwa wameandika angalau jambo moja lisilo sahihi. Lakini tofauti nyingi zilikuwa ndogo, kwa sababu waliojiandika walijua kwamba siku moja wangeonekana ana kwa ana.

Sentimita mbili za urefu hazitavunja uchumba. Yapo, hata hivyo, mambo matatu ambayo hayana udogo: umri, watoto, na kama umeoa au umeolewa. Kwetu hilo la tatu lina sura nyingi, na wengi hujificha ndani yake. Aliyekwisha kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mwenzake, akapokewa na mahari ikatolewa, asijiite mseja kwa kuwa hajafunga pingu kanisani au kwa msajili. Aliyetengana aseme ametengana. Mwislamu anayetafuta mke wa pili aseme hivyo tangu maelezo ya kwanza, kwani wapo watakaokubali kwa hiari, na wasiokubali wana haki ya kupita bila kupotezewa mwezi mzima.

*Tahadhari.* Ukweli huu haukulazimishi kutaja mshahara, hali ya afya au mahali unapolala. Hayo ni ya mtu aliyekwisha kuthibitika.

## Hatua ya 6: Pima taswira unayojengewa na wengine

Hadi hapa umekuwa mtazamwa. Sasa wewe ndiye mtazamaji, na jicho lako linakimbia kwa kasi ileile ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Huwezi kulizuia lisiamue, lakini unaweza kulichunguza baada ya kuamua.

Chora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Upande wa kushoto andika "Nimeona", wa kulia "Nimedhani". Chukua wasifu mmoja uliokuvutia, tuseme wa mwanamume mwenye shati la buluu lililopigwa pasi, aliyesimama kando ya Toyota nyeupe kwenye maegesho ya Garden City. Kushoto utaandika: mwanamume, shati la buluu, gari jeupe, maegesho. Kulia: gari ni lake, ana kazi ya kudumu, ni msafi nyumbani, anaongea kwa utaratibu, hanywi. Utashangaa jinsi upande wa kulia unavyorefuka. Edward Thorndike aliliona jambo hili mwaka 1920 katika tathmini za maafisa wa jeshi kwa askari wao: aliyeonekana mzuri kwa sifa moja alipewa alama nzuri hata kwa sifa ambazo hazikuhusiana nayo. Kila mstari wa kulia uwe swali utakalouliza kwa adabu siku zijazo.

Fanya hivyohivyo kwa wasifu uliotaka kuupita. Pengine kilichokukimbiza ni mwanga mbaya wa saa sita mchana.

Baadhi ya dalili ambazo watu wetu huzisoma vibaya zinahitaji kuelezwa. Ukurasa wa Facebook uliokaa kimya tangu Januari 2021 si ushahidi wa ulaghai, kwani ndipo mtandao huo ulipofungwa nchini na wengi wakauacha. Wasifu unaoonyesha kwamba mtu yuko Uholanzi huku anasema yuko Ntinda, Kampala, unaweza kutokana na VPN (programu inayoficha mahali simu ilipo), kwa sababu baadhi ya tovuti hukisia mahali kwa anwani ya intaneti. Muulize tu. Kwa upande mwingine, picha iliyo nzuri mno, isiyo na dalili yoyote ya nyumbani, ipitishe kwenye Google Lens, zana ya kutafuta mtandaoni kwa kutumia picha; ikitokea kwenye kurasa za mtu mwenye jina jingine, mzuie na usibishane naye.

Jina nalo hujenga taswira haraka sana, na hapa ninaomba tuwe waangalifu. Msomaji wa Uganda huliona jina la ukoo na papo hapo amekwisha kuamua kabila, lugha, hata tabia za mashemeji. Jina halikuambii mtu alilelewa wapi. Wako wenye majina ya Kiacholi waliokulia Jinja na wanaoongea Kilusoga kuliko lugha ya baba zao. Hata vigezo tunavyojiwekea wenyewe havitabiri tutakayempenda: Paul Eastwick na Eli Finkel walionyesha mwaka 2008 kwamba sifa ambazo watu walisema wanazitaka kwa mwenzi hazikutabiri ni nani waliyempenda walipokutana naye uso kwa uso.

Swali moja la jina, hata hivyo, lina haki ya kuulizwa mapema. Kwa Baganda, mtu wa ukoo mmoja nawe ni ndugu yako hata kama hamjawahi kuonana, na makabila mengine kadhaa yana miiko ya namna hiyo. Kuulizana ukoo na mwiko wake katika wiki ya kwanza kunawaepusha na aibu mbele ya shangazi baadaye.

## Hatua ya 7: Tuma ujumbe wa kwanza, kisha dhibiti kasi ya mazungumzo

"Mambo" peke yake haijibiki. "Umenimaliza, mrembo" hujibiwa na wachache, na si wale unaowatafuta. Ujumbe wa kwanza uwe na salamu, kitu kimoja ulichokisoma kwenye wasifu, na swali moja. Kwa mfano: "Habari za jioni. Nimesoma kwamba unaimba sauti ya pili. Mimi huimba besi kwenye kwaya yetu ya Mbale. Ninyi mnafanya mazoezi siku gani?" Akijibu, uliza swali linalotokana na jibu lake kabla ya kuleta habari zako. Mtu hujiona amesikilizwa, na hilo ndilo hulikumbuka.

Asipojibu, tuma ujumbe mmoja tu wa pili baada ya siku chache, kisha uache. Kumwandikia mtu mara saba humjengea taswira ambayo hakuna picha itakayoifuta.

Hatari kubwa zaidi huja pale mazungumzo yanaponoga. Joseph Walther alieleza mwaka 1996 kwamba watu wanaowasiliana kwa maandishi huweza kujengeana ukaribu unaozidi ule wa uso kwa uso, kwa sababu mwandishi anachagua maneno yake kwa utulivu na msomaji anaziba mapengo yote kwa matumaini yake mwenyewe. Kadiri mnavyokawia, ndivyo unavyomjenga mtu ambaye hayupo. Ushauri wangu ni kwamba msivuke wiki mbili hadi tatu bila kuonana, au, mkiwa mbali, bila simu ya video.

## Hatua ya 8: Simu ya video, nauli, na mkutano wa kwanza

Anza na simu ya video ya dakika 10, mchana, bila maandalizi makubwa. Lengo ni kuona kwamba uso, sauti na picha ni vya mtu mmoja. Anayekuwa na kamera mbovu kila siku kwa wiki mbili amekujibu.

Kisha linakuja suala la nauli, ambalo limevunja uhusiano mwingi nchini kabla haujaanza. Mwanamume hutuma pesa za usafiri kwa simu, akaambiwa aongeze na ya kutoa, halafu simu ikazimwa. Au mwanamke hupokea nauli, na anapofika anafanywa ajione ana deni. Pande zote mbili huumia, na kila mmoja huenda kwenye mkutano ujao akiwa na shaka. Msitumiane pesa kabla ya kuonana. Chagueni mahali ambapo kila mmoja anaweza kufika kwa taksi au bodaboda kwa uwezo wake, na kama aliyealika anataka kurudisha nauli, airudishe mkononi wakati wa kuagana.

Kuna uchunguzi mdogo unaosaidia. Ukianza kutuma pesa kwa namba yake, jina lililosajiliwa hujitokeza kabla hujathibitisha, na unaweza kughairi hapo. Jina tofauti halithibitishi ulaghai, kwani wengi wanatumia laini za ndugu zao, lakini linakupa swali la kuuliza.

Kutaneni mchana, mahali penye watu. Mjini Kampala, Jumba la Makumbusho la Uganda kwenye Barabara ya Kira linafaa sana, kwa kuwa vitu vya kutazama huwapa wenye haya la kusema. Mikahawa ya Kisementi inafaa pia. Mwambie ndugu au rafiki uko wapi na utarudi saa ngapi. Usikubali kuchukuliwa nyumbani na bodaboda aliyetumwa na mgeni, na ukirudi, shuka hatua kadhaa kabla ya geti lako. Akikutisha kwa picha au ujumbe wako, hifadhi ushahidi wote bila kufuta chochote na uende polisi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inahusu unyanyasaji na ufuatiliaji wa mtandaoni. Kwa hatari ya papo hapo, namba ni 999.

Vaa nguo mojawapo ya zile za kwenye picha. Inaonekana jambo dogo, lakini humwezesha mwenzako kukutambua kutoka mbali na kumwondolea ile sekunde ya kusita.

Jipeni saa moja na nusu, isizidi. Usitarajie kwamba wasifu mzuri umekwisha kukuhakikishia mapenzi. Samantha Joel, Eastwick na Finkel walijaribu mwaka 2017 kutumia kompyuta kutabiri, kwa majibu zaidi ya 100 ya kila mtu, ni nani angempenda nani hasa baada ya kuzungumza kwa dakika chache. Kompyuta iliweza kutabiri kwa kiasi ni nani anayependwa na wengi, lakini ilishindwa kutabiri mvuto wa pekee kati ya wawili. Kazi ya taswira ya kwanza inaishia kuwafikisha mezani mkiwa hamjadanganyana.

Mkutano umefaulu ikiwa hakuna aliyeshangazwa na sura, umri au hali ya mwenzake, hata kama mtaagana bila ahadi ya kuonana tena.

## Hatua ya 9: Tunza wasifu wako

Jioni ile, rudi kwenye ukurasa wa "Nimeona" na "Nimedhani", uweke alama kwa yale uliyodhania yakawa kweli na yale yaliyokuwa ya kubuni. Baada ya mikutano mitatu au minne utaijua tabia ya jicho lako: huenda unawaamini mno watu wenye miwani, au unawaogopa wasiotabasamu.

Ukinyoa nywele, ukianza kuvaa miwani au ukiongezeka mwili, badilisha picha ya kwanza wiki hiyohiyo. Na mkikubaliana kuendelea pamoja, futeni akaunti zenu kwa kuingia kwenye mipangilio ya ndani, kwa sababu kuiondoa programu kwenye simu pekee huuacha wasifu wako ukiendelea kuonekana na watu.